Mke Mwenza Amegoma Kuwaka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na baridi yako. Kifua kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema bado unakohoa asubuhi, nikakuambia uache kulala na dirisha wazi, ukanicheka. Natumaini umepunguza ubishi. Sisi huku wazima, kiasi cha kusema wazima, ila maneno yaliyopo ni mengi kuliko salamu. Tafuta kiti ukae kwanza.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu ninayo, kaka, lakini baba naye ana masikio. Nikikupigia nikiwa chumbani, anauliza kutoka uani naongea na nani. Nikinong'ona, anauliza kwa nini nanong'ona. Kwa hiyo nimekaa saluni, wateja wa mchana hawajaanza kuingia, naandika juu ya meza yangu ya kupakia kucha. Ukiona doa jekundu kwenye karatasi usishtuke, ni rangi tu.

Siku ulipopiga kusema unakuja, baba alikatiza usingizi wake wa mchana. Alitoka uani, akavua turubai, akaanza kumwosha Mke Mwenza. Si unakumbuka marehemu mama ndiye aliyelipa gari jina hilo, kwa sababu alisema zamu yake haifiki: asubuhi mume yuko nalo, jioni yuko nalo, na likiumwa halali. Basi bado lipo, rangi yake ile ya maziwa, viti vya ngozi vilivyopasuka, usukani mkubwa kama sinia. Limetuzidi umri mimi na wewe, na baba hulisifia kuliko anavyotusifia sisi. Akatangaza mtaa mzima kwamba atakwenda kukupokea stesheni mwenyewe, kwa gari lile lile lililokupeleka siku ulipoondoka. Alisema yeye ndiye aliyekupeleka, na yeye ndiye atakayekurudisha.

Watu walimpongeza. Mimi sikumpongeza.

Kaka, macho ya baba si yale unayoyajua. Nilikuambia kwamba amepewa miwani mipya, na miwani kweli anayo, ila haimsaidii. Akijimiminia chai hutia kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Siku moja alilisalimia koti langu lililoanikwa kambani akidhani ni jirani yetu, akaliuliza habari za watoto. Tukacheka, naye akacheka, akasema alijua tangu mwanzo kuwa ni koti. Nguzo ya geti ameigonga, akadai mtu ameisogeza. Na mara ya mwisho aliponipeleka kazini, askari wa njia panda alinyoosha mkono kutusimamisha, baba naye akampungia kwa furaha, tukapita. Askari alicheka kwa kuwa anamfahamu. Mimi nilishuka kabla hatujafika, nikamalizia kwa miguu. Jioni nikamwambia baba, kwa adabu zangu zote, kwamba labda sasa apumzike kuendesha. Akasema siku atakayoacha kuendesha nimwite seremala aje kumpimia jeneza. Tangu hapo kila nikimgusia habari hiyo huwasha redio.

Na wewe unaijua njia ya stesheni. Unapita soko, unapita shule, unavuka lile daraja lisilo na kingo. Nilichokuwa nakiogopa ni kimoja tu, nacho hakikunitoka moyoni hata siku moja: kwamba baba atamuua mtu njiani, akija kukupokea wewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Kwanza alimwita Fundi Subiri aje kulifanyia gari matengenezo. Huyu najua hujamsahau. Jina lake halisi limepotea, kwa sababu ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, jibu lake ni hilo moja. Ndiye rafiki wa baba tangu ujana wao, na karakana yake bado iko pale kona, chini ya mabati yale yale yenye kutu. Alibadilisha mafuta ya injini, akasafisha kabureta, akafunga vipande vipya hapa na pale. Gari likanguruma vizuri, wakapeana mikono, wakanywa chai. Asubuhi iliyofuata baba akaingia alipashe moto injini, akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka, injini ikageuka na kugeuka, lakini haikushika. Akajaribu tena na tena mpaka sauti ikaanza kuchoka, kisha akatoka, akasimama akilitazama gari kwa namna ambayo hata mama hakuwahi kutazamwa, Mungu amrehemu.

Fundi Subiri akaja na sanduku lake. Wewe baba alikufundisha kuendesha, mimi nilipewa kurunzi nishike, na kazi hiyo ninayo mpaka leo, basi yote niliyaona. Akaanza na betri: taa zinawaka, honi inalia, betri haina neno. Akachomoa mrija wa petroli kwenye kabureta, akaniambia nizungushe ufunguo, petroli ikaruka. Akafungua plagi, zimelowa petroli, maana yake mafuta yanafika ila hayachomwi. Akaishikiza plagi kwenye chuma cha injini, tukainamia sote watatu kutafuta cheche. Hakuna. Baba naye akasema hakuna, ingawa alikuwa anatazama pembeni kabisa.

Basi fundi akatangaza kuwa ugonjwa uko upande wa umeme, na kwamba kufikia jioni gari litawaka. Akabadilisha koili, ile inayoupa umeme nguvu ya kutoa cheche, kimya. Akabadilisha waya za plagi, kimya. Akafungua distribyuta, kile kikombe cheusi kinachogawa umeme. Ndani yake kuna vipande viwili vidogo vya chuma, mafundi huviita pointi, ambavyo kazi yao ni kugusana na kuachana, kugusana na kuachana, na hapo ndipo cheche hupatikana. Nikavimulika, vikang'aa, akafunika. Vilikuwa vipya, amevifunga kwa mkono wake mwenyewe siku ile ya matengenezo. Nani hushuku kitu kipya alichokifunga mwenyewe?

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku alikuja na kifaa kingine alichokiazima kwa mafundi wenzake, na kila siku Mke Mwenza alimgeuzia mgongo. Mwanzoni wazee wawili walitaniana. Baba alisema gari limesusa kwa sababu fundi hakulisalimia. Fundi akasema linamwonea wivu mgeni anayekuja. Halafu utani ukakauka. Baba akawa anauliza mara ngapi amejaribu hiki, na kwa nini hakujaribu kile, na kama ana hakika. Fundi akawa anajibu kwa kichwa tu. Siku za kuja kwako zilikuwa zinakaribia, na baba halali, usiku unamsikia anatembea uani akigusagusa boneti.

Ndipo siku moja akampasukia. Kaka, nilitamani ardhi ifunguke. Palikuwa na majirani wamesimama getini, pamoja na wenye magari wawili watatu waliokuja kumtafuta fundi. Baba akamwambia mbele yao wote kwamba amezeeka, mkono umekufa, kazi hii haiwezi tena, aende akafuge kuku. Kwamba kama rafiki wa miaka yote ameshindwa kuliwasha gari moja, basi miaka yote alikuwa anabahatisha. Watu wakacheka, si unajua watu. Fundi Subiri alifunga sanduku lake taratibu, akaondoka bila kuaga.

Mji huu haufichi kitu. Kabla wiki haijaisha, wateja wakaanza kupeleka magari kwa yule kijana wa barabara ya lami mwenye kompyuta. Nikipita kwenye kona asubuhi namkuta fundi ameketi juu ya tairi, mikono mapajani, hakuna gari hata moja chini ya mabati. Jioni moja alinifuata hapa saluni. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na viatu vyake, akaniomba nitoke. Akaniuliza kama mimi, niliyekuwa nashika kurunzi, niliona alipokosea. Alisema usiku analala akiupitia waya mmoja mmoja kichwani na hapati. Akaniambia: pengine baba yako ana haki, pengine kweli mkono umekufa na mwenyewe sijijui. Kisha akanipa kifurushi cha kitambaa nimpelekee baba. Ilikuwa ile seti ya spana ambayo baba alimpa siku alipofungua karakana. Nilimwambia sikuona kosa lolote. Nikaingia ndani, nikajifungia chooni, nikalia mpaka mwenye saluni akaja kugonga.

Spana zile nilizificha chini ya kitanda. Lakini masikio yale ya baba! Alisikia chuma kikigongana, akaniuliza ni nini, nikashindwa kudanganya. Akazipapasa moja moja kwenye kitambaa, akazifunga tena. Asubuhi alinitoa kitandani mapema, akasema leo tunaitafuta wenyewe.

Alifungua boneti, akavua miwani, akaiweka mfukoni. Halafu akafumba macho kabisa, kaka, na hapo ndipo nilipomwona baba wa zamani. Vidole vyake vilipita juu ya injini bila kukosea. Alinitajia kila kitu kabla ya kukigusa. Akafika kwenye distribyuta, akafungua kikombe, akaanza kuzipapasa zile pointi kwa ncha ya ukucha. Akasimama. Akapapasa tena. Akakwangua kidogo, na kitu chembamba kikabanduka, akakisugua kati ya vidole viwili. Akaniambia nimpe mkono wangu. Akashika kidole gumba, akapitisha ukucha wake juu ya ukucha wangu, polepole, akakwangua vile vile.

Ni mimi, kaka. Mimi ndiye niliyelizima gari. Jioni ile ya matengenezo, baba alipokuwa bafuni na boneti bado iko wazi, nilichukua kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi ambayo tunapaka mwisho ili kucha ing'ae, nikazipaka pointi zile tabaka mbili, nikazipuliza zikauke. Nilijua pa kupaka kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa mshika kurunzi. Nilijua umeme hautapita, na nilijua hakuna jicho litakaloiona. Nilisema moyoni, bora baba anune kuliko aue. Sikumfikiria Fundi Subiri hata kidogo. Naapa sikumfikiria. Na alipoanza kudhalilika ningeweza kusema neno moja tu, na sikusema, kwa sababu kila siku gari lilipokataa kuwaka ilikuwa siku ambayo baba hajaingia barabarani.

Nilingoja kofi. Baba aliniuliza swali moja tu: fundi anajua? Nikasema hajui. Akaomba kiberiti. Akazisugua pointi kwa ule ubavu wa kiberiti wenye kukwaruza, akapuliza, akafunika kikombe, akaniambia nizungushe ufunguo. Mke Mwenza akawaka mara moja. Baba hakufurahi. Alisema niingie, tunakwenda kumwomba fundi radhi sasa hivi, mimi na yeye. Nikamsihi twende kwa miguu, si mbali. Akaketi kwenye usukani. Ningefanyaje, kaka? Nimwache aende peke yake? Nikaingia.

Nilikuwa macho yake. Nilimwambia kulia kidogo, baba, kuna baiskeli, baba, simama, haya twende. Alikwenda mwendo wa konokono, na kwa kipande cha njia nikaanza kuamini tutafika. Tulipokaribia bomba la maji, mama mmoja aliyejitwisha ndoo akatokeza nyuma ya mkokoteni. Nilipiga kelele. Baba akakanyaga breki. Tukasikia kishindo mbele, kisha kimya.

Baba alifungua mlango akashuka kabla yangu. Akapiga magoti mbele ya gari, katika yale maji yaliyomwagika, akawa anapapasa chini kwa mikono miwili. Alikuwa anauliza, ni mtu? Niambieni jamani, ni mtu? Na yule mama alikuwa amesimama pale pale, hatua moja kutoka kwake, mzima, nguo zimelowa, mdomo ameuziba kwa mikono. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyeelewa kwamba mtu huyu haoni. Mimi nilikuwa bado nalizunguka gari kumfikia. Mikono yake ikaifikia ndoo iliyopasuka, akaikumbatia kifuani, akawa bado anauliza ni mtu, ni mtu. Mpaka yule mama mwenyewe akamwambia, mimi mzima, baba, usilie. Baba akanyoosha mkono kumwelekea, akaunyoosha upande usiokuwa na mtu.

Hakurudi kwenye usukani. Alichomoa ufunguo kwa kupapasa, akanitia mkononi, akaweka mkono wake begani kwangu, yeye ambaye hajawahi kushikwa mkono na mtu barabarani. Tukaenda hivyo mpaka kwenye karakana, watu wakitutazama, magoti ya suruali yake yamejaa matope. Akamwomba Fundi Subiri radhi kwa sauti ya kusikika na kila mtu, akamrudishia spana zake. Kisha nami nikasema langu, lote, mbele ya wale wale waliocheka. Fundi alisikiliza huku anajifuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono haikuwa na grisi. Kwa baba, fundi alisema yameisha. Mimi aliniambia kwamba samahani yangu ameisikia, lakini kusamehe, subiri. Watu wakataka kucheka, wakaona uso wake, wakaacha. Alikwenda mwenyewe kulichukua gari pale lilipoachwa, akalirudisha nyumbani. Wateja wameanza kumrudia mmoja mmoja. Mimi kila jioni napita kumwamkia, naye huitikia kwa kichwa. Sijapata zaidi ya hapo, na sidai.

Jioni ile baba aliniambia niliyokuwa siyajui. Mwaka jana alipokwenda kwa daktari wa macho peke yake, aliambiwa jicho moja limekwisha, na la pili linabakiwa na mwanga na vivuli tu, na hakuna upasuaji utakaolirudisha. Miwani ile aliinunua mwenyewe ili nisimuulize. Akaniapisha nisikuambie. Alisema umekaa mbali miaka yote ukiwa na picha moja kichwani, ya baba yako kwenye usukani, na hataki uishushe picha hiyo hapo stesheni mbele za watu. Nikaapa. Sasa kiapo ninakivunja hapa kwa kalamu, na Mungu anisamehe, kwa sababu asipokuambia mtu, utamuumiza baba bila kujua.

Mpango wake ni huu, na Fundi Subiri amekubali. Siku ya kuja kwako fundi ataliendesha gari mpaka mlango wa stesheni, baba akiwa kando yake na mimi nyuma. Kisha fundi atashuka ajitenge, na baba atahamia kwenye usukani, akae hapo kukungoja. Atakuambia mkono unamuuma tangu jana, kwa hiyo uendeshe wewe. Tafadhali, kaka, mwambie tu aupumzishe. Chukua ufunguo, mwache ahamie upande wa pili mwenyewe, usimshike. Mkishafika nyumbani mtajua wenyewe, baba na mwanawe, mtaambiana nini.

Na kuna jambo moja ninalokuomba kuliko yote. Ukishuka kwenye treni utamwona kabla hujafika, uso wake ameugeuzia watu wanaotoka, anatabasamu kwa kila anayepita, maana hajui ni yupi. Usisimame mbali umtazame. Usitabasamu ukangoja akutambue. Mwite kwa sauti, ukiwa bado uko mbali.

Wateja wameanza kuingia, naishia hapa. Salamu kutoka kwa baba, ambaye hajui kama nakuandikia, na kutoka kwa jirani wa koti, maana anakuulizia kila siku. Funga dirisha usiku. Safari njema, na Mungu akulete salama.

Ni mimi mdogo wako,
mshika kurunzi.